Mizinga Haitajwi Hadharani

Vijana wangu wa misitu, kabla hamjaniuliza habari za mninga na mpingo, niacheni kwanza niseme lililonikaa kooni. Mnakuja hapa kwangu Kanyenye na sare zenu za kijani, mnakaa kwenye mkeka wangu, mnakunywa chai yangu, halafu mmoja wenu anafungua mdomo: "Bi Zuhura, siku hizi mambo mazuri, wananchi wanashirikishwa." Mkiniona nainuka kwenda jikoni, msidhani nakwenda kuongeza sukari. Nakwenda kuyakasirikia masufuria, maana nyie ni wageni wangu na mgeni hatukanwi.

Leo siendi jikoni. Leo nakaa hapahapa.

Sina ugomvi na kushirikisha watu. Mimi nimeanza kazi wakati mpango wa msitu unatoka mjini umeshafungwa kamba, mwanakijiji anaujua siku anapokamatwa ndani ya mpaka. Huo ulikuwa ubaya, na haukujificha. Ubaya wa siku hizi unakuja umevaa vizuri, unatoa shikamoo, unagawa soda, na ukishaondoka ndipo mtu anagundua kwamba ameporwa na sahihi yake iko chini ya karatasi. Huo ndio unaonichoma. Nitawasimulia habari ya Mzee Nkwabi, mrina asali, na ya mpango wa msitu tulioufanyia mapitio mwaka wangu wa mwisho kazini. Msitu wenyewe tuuite Mikola, jina lake halisi naliacha kwa sababu wahusika bado wapo na bado wananisalimia sokoni. Mkiona napanda na kushuka, vumilieni.

Kwanza mjue mimi nilikuwa mtoto wa mjini hasa. Baba yangu alikuwa seremala, nyumba yetu imejaa maranda ya mninga, na mama yangu hakuruhusu binti atoke nje bila nguo kufukizwa udi. Basi siku ya kwanza kupelekwa msituni nikaenda vivyo hivyo, nanukia kama bibi harusi. Jamani! Nyuki walinipokea tangu kwenye kichaka cha kwanza. Nilikimbia mpaka nikapoteza kiatu. Aliyekuwa akinifundisha kazi, Mzee Kapela wa Cheyo, bwana miti wa zamani, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakaa chini. "Binti," akaniambia, "umekuja kukagua msitu au umekuja kuozwa?" Nilivimba jicho, nikarudi nyumbani mama ananiuliza nani kanipiga.

Mzee Kapela hakuwa mwalimu wa maneno matamu. Ukipima unene wa mti kwenye kifundo cha mguu badala ya kifuani, anakurudisha kwenye mti uleule hata kama mmeshauacha mbali na jua linawaka. Ukikata tawi bila sababu anakununia mpaka jioni. Alinifundisha kuona maji kwa njia wanayopita nyuki, na kujua nani amekata gogo kwa namna shoka lilivyolala. Ila somo lililonifaa kuliko yote halikuwa la miti, lilikuwa la kuuliza. Aliniambia: "Huku kwetu usimuulize mtu mali yake mbele ya watu. Atakupunguzia mpaka ibaki ya kuombea dua. Na usimwone mwongo, ndiyo adabu yenyewe. Ukitaka kujua, nenda kambini kwake, kaa, kula asali yake, halafu muulize ya jirani. Ya kwake atapunguza, ya jirani ataongeza, wewe utapata katikati."

Nilicheka. Nikaja kuona kwamba ndivyo ilivyo. Nendeni leo kwa mfugaji yeyote kule Igunga, mumuulize ana ng'ombe wangapi. Atasema, "Tumebaki na tung'ombe tuwili, jua limetumaliza," na nyuma yake mnasikia zizi zima linalia. Mtu hajisifu kwa mali, hahesabu watoto wake kwa kuwaonyesha kidole, na mrina asali ndiye kabisa: mizinga haitajwi hadharani. Ukiitaja, wazee wanasema, umeshaitoa, si yako tena.

Mzee Nkwabi nilijuana naye kwa ugomvi. Kijiji chao kiko ukingoni mwa Mikola, na kambi yake ya asali iko ndani, upande wa mashariki, karibu na mbuga yenye kisima. Aliirithi kwa baba yake, naye kwa baba yake. Nilimkuta siku moja amebandua gome la mti mzima wa mtundu kutengeneza mzinga. Mti ukibanduliwa gome pande zote unakufa, hilo hata mtoto anajua, nami nilimshukia kama mwewe. Tukagombana pale mpaka sauti zikatukauka. Nikamwandikia kosa. Msimu uliofuata nikampita tena, akaniambia bila hata kunitazama, "Zuhura, njoo uone." Alikuwa anachonga mizinga ya magogo kutoka kwenye miti iliyoanguka yenyewe. Hakuniomba msamaha wala mimi sikumpongeza. Tangu siku ile nikimsalimia shikamoo anaitikia marahaba mwanangu, na tukawa tunaaminiana, jambo ambalo semina haiwezi kuwapa.

Nawaambia hivi mjue kwamba siwatetei warina asali kwa sababu ni watu wa zamani wenye ndevu nyeupe. Nimewakamata, nimewafikisha ofisini. Lakini upande ule wa mashariki wa Mikola ulikuwa mzima kuliko pande zote, na ulikuwa mzima kwa sababu kina Nkwabi wanalala mle. Mkata magogo akiingia wanamsikia. Moto ukianza wanauzima, maana mizinga yao iko juu ya miti hiyohiyo. Mimi na gari la ofisi lisilo na mafuta tungeweza nini?

Sasa sikilizeni.

Mpango wa Mikola ulikuwa umechakaa, ukahitaji mapitio. Ikaja timu. Kiongozi wao alikuwa kijana mmoja, Elibariki, mpole, msomi, ananiita mama na anaamka mapema. Sitaki mumchukie Elibariki. Kosa lake lilikuwa haraka tu, na haraka yenyewe alipewa na wakubwa. Wakaleta na droni. Siku walipoirusha, ng'ombe wa watu waliokuwa malishoni walitawanyika na kamba shingoni, wachungaji wakakimbia nyuma yao wakitutukana Kisukuma tupu, na mimi ninayekisikia nikajifanya sikisikii. Picha zikatoka nzuri ajabu. Upande wa mashariki ukaonekana umefunga, kijani kitupu, hakuna njia, hakuna shamba, hakuna paa la nyumba. Droni ilipita miti imeshachipua, majani yamejaa, itauonaje mzinga uliotundikwa chini ya matawi? Wao wakaandika: hakuna shughuli za binadamu. Loh! Yaani watu wameutunza msitu mpaka ukaonekana hauna mtu, halafu zawadi yao ni kuambiwa hawapo.

Nikamwambia Elibariki, "Mwanangu, picha hiyo inadanganya." Akasema, "Usijali mama, ndiyo maana tunakwenda kuchukua maoni ya wananchi."

Mkutano ukafanyika kwenye uwanja wa shule ya kijiji. Mvua za kwanza zimeshashuka, watu wana mbegu mikononi, wamekuja na tope miguuni na macho yao yako mashambani. Yakabandikwa makaratasi makubwa kwenye ukuta wa darasa, zikatoka maka peni za kila rangi. Swali la kwanza, jamani, mbele ya kijiji kizima, mbele ya wageni, mbele ya mtendaji wa kijiji: "Nani hapa ana mizinga msituni? Asimame ataje ana mingapi na iko wapi."



Hakusimama mtu. Halafu mtendaji akamwita Mzee Nkwabi kwa jina, kwa kuwa ni mkubwa wa warina. Akasimama. Akatabasamu. Akasema, "Mimi mzee hivi nitakuwa na mizinga? Labda tumizinga tuwili tutatu, twa kulambishia wajukuu." Watu wakaitikia kwa heshima. Mwenzake akasimama, naye akasema hata hivyo viwili hana, yeye humsindikiza tu Mzee Nkwabi. Wa tatu akasema asali yeye huila kwa majirani. Kila mmoja akajishusha kuliko mwenzake, mambo yakawa mazuri, adabu imekamilika, na binti wa timu anaandika ukutani kwa maka peni nyekundu: ufugaji nyuki, mdogo sana.

Nilimvuta Elibariki pembeni. "Hayo siyo majibu."

"Mama, wamesema wenyewe."

"Wamesema kwa sababu umewauliza vibaya. Twende kambini."

"Mama, nikiandika tofauti na walichosema nitakuwa nimeghushi maoni ya wananchi. Utanitetea?"

Na hapo ndipo paliponiuma, maana alikuwa na haki. Alikuwa ameuliza, wakajibu, ameandika. Hakuna alichokosea ambacho ungeweza kumshika nacho. Muhtasari ukasainiwa, soda zikanywewa, magari yakaondoka.

Rasimu ilipotoka ilikuwa Kiingereza kitupu, nene kama tofali, nakala moja kwa kijiji kizima. Mtendaji akaifungia kabatini isichafuke. Niliisoma mimi ofisini. Upande wote wa mashariki umetiwa kwenye ukanda wa hifadhi kamili: haingii mtu, atakayekutwa ndani ni mhalifu, mizinga itakayokutwa itateremshwa. Sababu: picha za angani hazionyeshi matumizi, na wananchi wenyewe wamethibitisha. Wamethibitisha! Nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka kikavunjika, na dereva akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Nikapanda pikipiki kwenda kwa Mzee Nkwabi. Nilikuwa nimemkasirikia na yeye pia, siwafichi. Nikamkuta anasuka kamba ya kutundikia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekunja hivyo?"

"Kwa nini ulisema huna kitu? Wanakwenda kukufungia kambi ya baba yako. Ukikanyaga pale mwakani wewe ni mwizi!"

Akaiweka kamba chini. Akaniuliza, "Wewe, mtoto wa Kanyenye, baba yako angesimama katikati ya soko akataja kilichomo sandukuni kwake?"

"Hapana."

"Basi. Sisi tumekaa kwenye njia, Zuhura. Njia ya misafara ilipita hapa, ya kwenda pwani na ya kwenda ziwani. Kila apitaye aliuliza: hapa mna nini? Aliyejibu sawasawa alirudiwa. Babu zetu walijifunza kusema hatuna kitu, karibuni maji. Leo anakuja mtu na gari, simjui, ananiuliza mbele ya watu nina nini. Unataka nimjibu nini?"

 Hasira zangu kwake zikaisha palepale, zikahamia zote upande wa pili, na huko ndiko ziliko mpaka leo.

Nilimsumbua Elibariki mpaka akakubali. Msimu wa kurina ulipofika nikampeleka kambini, bila karatasi, bila droni, na nilimkataza manukato. Tulimkuta Mzee Nkwabi na wanawe wamechemka kazini, moshi unafuka, nyuki wamejaa angani, masega yanakamuliwa. Tukakaa, tukala asali na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka kijana wa watu akafungua mkanda. Sikumruhusu aulize lolote mpaka jioni ilipokaribia. Ndipo nikamnong'oneza: muulize ya jirani.

"Eti baba," akasema Elibariki, "yule mwenzako wa ng'ambo ya mbuga, naye ana mizinga?"

Mzee Nkwabi akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Yule? Yule msitu wote wake! Nenda kaone, hata mbuga imejaa mizinga yake." Tukaenda kwa yule wa ng'ambo, naye akatuambia Mungu amsaidie, yeye maskini, mwenye msitu ni Nkwabi. Elibariki akaanza kucheka mwenyewe njia nzima. Kufika mjini alikuwa ameshaelewa. Akachora ramani upya, kambi zote zikawa ndani ya ukanda wa ufugaji nyuki, bila jina la mtu, bila mizinga ya fulani, kambi tu na mipaka yake. Ndivyo Mzee Kapela angefanya. Nilifurahi, nikamwambia sasa umekuwa bwana miti.

Ramani ikaenda juu, ikarudi na jibu. Dirisha la maoni limefungwa. Kilichopo ni muhtasari uliosainiwa, na kauli ni ya mwananchi mwenyewe. Maneno ya jirani hayakubaliki. Ziara ya kambini haikuwa kwenye ratiba, kwa hiyo haipo. Mwananchi anayetaka kubadilisha kauli yake aje mwenyewe kwenye kikao cha wadau mjini, asimame, atamke.

Nikawaambia chama cha warina kiseme kwa niaba ya wote. Hapana, lazima mhusika mwenyewe. Nikawaambia basi asikilizwe chumbani, watu wawili tu. Hapana, uwazi. Hebu niambieni nyie vijana, uwazi wa nani? Wakubwa wao mikataba yao wanasainia nyuma ya pazia, mzee wa watu ndiye afundishwe uwazi! Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Nilimpelekea Mzee Nkwabi habari.  Akaniuliza swali moja tu: "Nisiposema, watoto wataingia?" Nikamjibu, "Hawataingia." Akasema, "Haya."

Akaja mjini amevaa koti lake la sikukuu na kofia. Warina wenzake walikuja naye, wakakaa viti vya nyuma. Ukumbi umejaa, feni zinazunguka, maji ya chupa mezani. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mkubwa mmoja kutoka nje ya mkoa, mcheshi, anayependa kusikika. Zamu ya Mzee Nkwabi ilipofika akapewa kipaza sauti.

"Mzee wangu," akasema mwenyekiti, "humu imeandikwa ulisema una mizinga miwili mitatu. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Na leo tunaambiwa ni mingi. Sasa mwongo nani?"

Nikaruka. "Mheshimiwa, hakuna mwongo hapa! Swali lenyewe liliulizwa—"

"Bi Zuhura, kaa. Wewe ni mtumishi. Tunataka sauti ya mwananchi." Na watu wakatikisa vichwa, naam, sauti ya mwananchi. Halafu akamgeukia mzee, akachangamka: "Mzee, usione haya. Mficha uchi hazai. Taja tu!" Ukumbi ukacheka.

Mzee Nkwabi akavua kofia akaishika kifuani. Akaanza. Akautaja mti wa baba yake, ule mkola wa pale kisimani, na kilichotundikwa juu yake. Akataja mitundu ya bondeni. Akataja ya mke wake aliyefariki, ambayo hata wanawe hawakuwa wanajua kwamba ilikuwa ya mama yao. Alikwenda mti kwa mti, na kila mti akasema idadi. Idadi hizo sitazirudia kwenu hata mkinipa nini.

Nilitazama nyuma. Wenzake hawakuwa wanamtazama. Mmoja ameinamia sakafu, mmoja amejifunika uso kwa kiganja, na yule jirani wa ng'ambo ya mbuga aliinuka akatoka nje. Mtu mzima akivuliwa nguo njiani, wenzake hugeuza shingo. Sauti ya mzee ikazidi kushuka, na mwenyekiti anamhimiza: "Sogea kwenye kipaza sauti, mzee, hatusikii vizuri!" Akasogea. Mpiga picha akapiga. Binti akachapa kwenye kompyuta yake. Hajafika mwisho, mwenyekiti akatazama saa. "Muda wako umekwisha, mzee, lakini tumekupata. Makofi kwa mzee wetu!"

Wakapiga makofi. Wallahi, walipiga makofi. Mimi mikono yangu niliikalia.

Kambi zilibaki. Nasema wazi ili msidhani mzee alisema bure: upande wa mashariki ukaandikwa ukanda wa ufugaji nyuki, na mpango ukapitishwa. Elibariki akanikimbilia nje ya ukumbi machozi yanamlenga, "Mama, tumeshinda!" Nilitaka kumfokea, nikashindwa, maana furaha yake ilikuwa ya kweli. Nikamwambia tu aende akamtafutie mzee usafiri wa kurudi kabla jua halijazama. Mpango ulipochapishwa, picha ya Mzee Nkwabi na kofia yake kifuani ikawekwa ukurasa mzima, na chini yake maneno: mwananchi akitoa maoni yake kwa uhuru. Nakala yangu nimeiweka darini, sitaki wajukuu waione.

Kwa hiyo nyie mnaokwenda kufanya mapitio ya mipango huko mbele, na mtakwenda, msinidanganye kwamba hamkuambiwa. Uwanja wa mkutano ni mahali pa kutangaza, si mahali pa kuuliza. Nendeni watu walipo, wakati wao, si wakati wa bajeti zenu. Kaeni mpaka mchoke. Andikeni kambi, msiandike watu. Mtu akiwaambia hana kitu, jueni amewajibu kwa heshima, rudini tena mjibiwe kwa mapenzi. Na mkubwa akiwaambia dirisha limefungwa, pigeni kelele, gongeni meza, vunjeni vikombe. Nilivunja kimoja tu, nikadhani kinatosha, kumbe hakikutosha hata kidogo.

Mimi nilistaafu. Msimu wa kurina uliofuata nikasema niende kijijini kama mtu huru, nikale asali bila sare. Njiani nilipishana na wana wa Mzee Nkwabi, baiskeli zimefungwa ndoo na mikeka, wanaingia msituni, wananipungia mikono. Nikamtafuta baba yao kati yao sikumwona. Nikapitiliza mpaka nyumbani, nikamkuta uani, amekaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani. Sikuwahi kumwona mzee yule mikono yake haina kazi.

"Shikamoo baba. Mbona uko nyumbani? Wenzako wameingia."

"Marahaba. Wamekwenda watoto. Ile sasa ni yao."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Nikakaa chini. Nikajua, lakini nikakataa kujua. Nikaanza kupayuka kama kawaida yangu, kwamba kambi imeokoka, karatasi imepita, hakuna wa kumgusa, kisima ni kilekile na mikola ni ileile. "Na nyuki, baba," nikamwambia, "nyuki hawajui habari za mkutano!"

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mwenye msiba ni mimi.

"Nyuki hawajui, Zuhura," akasema. "Mimi najua."